Tulitaka kupika maharage ili tusigombane

Habari zenu wapendwa, najua nimepotea humu, mvua za huku Mbeya zimenikamata na kikohozi juu, ila nimeona niandike kabla sijasahau maana hii kitu imenikaa moyoni toka Jumamosi ile na kila nikiosha vyombo naiwaza.

Sasa iko hivi. Mtaani kwetu huku upande wa Mwanjelwa vijana wa kwaya na vijana wa msikitini walikaa wakasema tufanye siku ya amani na haki, watu wa dini zote wakutane, wale pamoja, waongee. Wakachagua wiki ya kwanza ya Februari kwa sababu Umoja wa Mataifa toka 2010 uliipitisha iwe wiki ya maelewano baina ya dini duniani kote, wazo lenyewe lilipelekwa na Mfalme Abdullah wa Pili wa Jordan. Mi nilikuwa siijui kabisa, nimeijulia kwenye kikao. Mwenyekiti wa mtaa akatuombea uwanja wa shule ya msingi, mama mmoja wa Kikinga mwenye duka la jumla akatoa mchele gunia zima, na mi nikawekwa kamati ya chakula kwa vile wote wanajua nimekulia kwenye mgahawa wa mama.

Kikao cha kwanza cha kamati tulikuwa saba. Tukapanga wali wa mchele wa Kyela, mbuzi watano, kachumbari, na chai ya maziwa kwa ajili ya wazee maana baridi ya huku mnaijua. Tukafika kwenye mbuzi. Mtu akauliza, nani atachinja? Kimya. Yaani kimya kile cha kila mtu kuangalia simu yake. Alafu kaka mmoja akasema kwa upole tu, jamani kwani lazima nyama, si tupike maharage, maharage kila mtu anakula. Tukafurahi kweli, mi wa kwanza, nikaandika kwenye daftari MAHARAGE KILO 40 na mstari nikapiga chini.

Kulikuwa na bibi mmoja pale, Mmoraviani wa siku nyingi, ana miaka sabini na kitu, muda wote alikuwa kimya anafuma kitambaa chake. Akakiweka chini. Akasema wanangu, mkipika maharage mtakuwa mmekimbia. Mnaita watu waje wasikie habari za amani alafu kitu chenyewe kilichowahi kutugombanisha mnakifunika na maharage, sasa hao watu watakuja kuongea nini?

Hakuna aliyemjibu. Mi moyo ulinidunda maana nilijua anaongelea nini, mi ni mtu wa Tunduma.

Kwa wasiojua niwaeleze kidogo. Huku kwetu na sehemu nyingi za nchi mazoea ya miaka na miaka ni kwamba nyama ya kuuza inachinjwa na Muislamu ili mteja yeyote aweze kununua bila wasiwasi. Mwaka 2013 wakatokea Wakristo waliosema na sisi tunataka kuchinja na kuuza, na jambo likawaka. Lilianzia Kanda ya Ziwa, Februari mwaka huo kule Buseresere, Geita, kukatokea vurugu na mchungaji mmoja akauawa. Aprili ikafika Tunduma, ambayo wakati huo bado ilikuwa mkoa wa Mbeya, Songwe imekuja kuzaliwa 2016. Tunduma ni mpakani, malori ya Zambia na Kongo yanalala pale, kuna watu wa kila kabila na kila dini na siku zote tulikuwa tunaishi tu. Siku ile matairi yakachomwa barabarani, mabomu ya machozi yakapigwa, maduka yakafungwa. Mi nilikuwa binti mdogo, niko nyuma ya mgahawa wa mama namenya viazi, macho yakaanza kuwasha nikadhani ni vitunguu.

Ile fujo yenyewe iliisha. Kilichonikaa mimi ni ya baada ya pale. Watu walianza kuulizana bucha unalonunua ni la nani, kitu ambacho hakuna aliyewahi kuuliza. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja, Muislamu, alihamishwa na mama yake akaenda kukaa mbele na wenzake, na hatukugombana hata siku moja mimi na yeye, tuliacha tu kuongea. Hadi namaliza shule hakuna mwalimu wala mchungaji wala shehe aliyetukalisha watoto akatuambia ni nini kilitokea. Viongozi walikutana huko juu, wakapeana mikono, ikaisha hivyo. Sisi huku chini tulibaki nayo.

Basi kikao cha pili tukawaita shehe wa msikiti wa mtaa na mchungaji, na ajenda ikawa moja, mbuzi watano. Na hapa naomba niandike kwa kirefu kwa sababu sijawahi kusikia watu wakiongea hivi.

Shehe alianza yeye. Akasema kwetu kuchinja ni ibada, sio kazi ya kisu tu, mnyama unamtajia jina la Mwenyezi Mungu, unakata koo kwa kisu kikali asiteseke, damu inatoka yote, na damu kwetu hailiwi. Akasema kwenye Qurani, Suratul Maida aya ya 5, imeandikwa kwamba chakula cha watu waliopewa Kitabu ni halali kwa Waislamu, kwa hiyo msidhani tunawaona nyinyi Wakristo wachafu, sivyo, ila wanazuoni wana maelezo yao marefu hapo na mimi kama kiongozi sitaki bibi yangu mmoja asimame pembeni ya sufuria na sahani mkononi ana mashaka moyoni. Mashaka ya bibi mmoja yananitosha, alisema.

Mchungaji akafungua Biblia, Wakorintho wa Kwanza sura ya 8. Akasema mjue hili jambo sio jipya, kanisa la Korintho waligombana kwa ajili ya nyama, kuna waliokula nyama iliyopita kwa sanamu na kuna walioona ni dhambi, na Paulo, ambaye mwenyewe hakuona shida kuila, alisema kama chakula kinamkwaza ndugu yangu basi mi nyama sili kabisa. Akasema Paulo alikuwa na haki ya kula na akaiachia kwa hiari yake, hakunyang'anywa.

Nilidhani imeisha hapo tukafunge kwa sala. Ila kijana mmoja wa kwaya, mjomba wake ni mchuna ngozi machinjioni, akanyoosha mkono. Akasema shehe shikamoo, mchungaji shikamoo, habari ya dini nimeielewa na naikubali, mimi kwenye kuchinja sina neno. Ila naomba tuongee habari ya hela. Anayechinja analipwa. Kama kazi ya kuchinja ni ya dini moja basi na ujira ni wa dini moja, na sisi vijana wa mtaa huu wote hatuna ajira, sasa nikisema hivyo naonekana mgomvi wa dini wakati mi naongelea mkate.

Jamani nilimwangalia yule kijana nikataka kulia. Kwa sababu ndo lile lile, na siku zote hizo sikuwahi kusikia mtu akilitenganisha hivyo, dini huku na mkate huku. Nadhani nusu ya ugomvi wetu uko pale na tunaupa jina la Mungu bure.

Shehe alinyamaza kidogo, alafu akasema mwanangu umesema kweli na mimi sikulifikiria. Wakakubaliana pale pale kwamba anachinja ustaadhi, wanachuna na kupasua vijana wa pande zote mbili, na hela inakuwa moja inagawanywa kwa mikono iliyofanya kazi. Afisa mifugo wa kata akaombwa aje kukagua. Nikafuta maharage kwenye daftari. Bibi akarudia kufuma.

Siku yenyewe sitaeleza yote. Hotuba zilikuwepo, ndefu, na meza kuu na maua. Kwaya iliimba, kaswida ya watoto wa madrasa ilikuwa nzuri mno, mvua ikaja saa saba kama kawaida ya Februari tukakimbilia madarasani na sufuria zetu.

Kitu nilichopenda kupita vyote ni meza ya msaada wa kisheria. Walikuja wasaidizi wa kisheria wawili, hawa wanaotambuliwa na sheria ya 2017, huduma ni bure. Tulipanga wakae nusu saa wakakaa hadi jioni. Foleni yote karibu ilikuwa wanawake, na ukiangalia lile benchi kuna hijabu, kuna kitenge cha kwaya, kuna mama Mlokole, wote na shida ile ile, mirathi. Mume kafa, shemeji kachukua hati ya kiwanja, au kakaa kwenye kikao cha ukoo akachaguliwa msimamizi wa mirathi na toka hapo anajiita mwenye mali. Dada yule msaidizi alirudia sentensi moja nadhani mara hamsini, msimamizi wa mirathi sio mrithi, yeye kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wenyewe na kurudi mahakamani kuonyesha alivyogawa. Kuna mama alimwambia arudie tena polepole akaandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto.

Akawaeleza pia kwamba ukitaka kufungua mirathi unaanza na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, na kama ni mirathi ya kimila au ya Kiislamu unaenda Mahakama ya Mwanzo, na kwamba kwenye mirathi nchi yetu ina njia zaidi ya moja, kuna sheria ya Kiislamu, kuna mila zilizoandikwa mwaka 1963, kuna ile sheria ya kiserikali iliyorithiwa toka India ya mwaka 1865, ndio, 1865, na kwa hiyo lazima ujue marehemu aliishi maisha gani. Na baraza la kata siku hizi kwenye ardhi kazi yake ni kusuluhisha tu, toka mabadiliko ya 2021 haliamui tena, wengi pale walikuwa hawajui walikuwa bado wanasubiri hukumu kwenye kata. Wajane wawili, mmoja wa msikitini mmoja wa kwetu, waligundua wanasumbuliwa na dalali mmoja yule yule. Wakaondoka wameshikana mikono kwenda kumtafuta mwenyekiti wa mtaa. Mvua inanyesha.

Mi naona mambo ya amani bila lile benchi yangekuwa nusu. Mtu aliyenyang'anywa kiwanja ukimwambia tuombee amani anakuitikia amina alafu anaenda kulala na uchungu wake.

Sasa mama yangu. Alikuja toka Tunduma, zaidi ya kilomita 100 kwenye basi, nilimwomba aje anisaidie masufuria makubwa. Alikaa jikoni na akina mama wa msikitini wakimenya viazi, akaonjeshwa chumvi, akasema bado, wakaongeza. Ikafika wakati hawa akina mama wakaanza kusimuliana ile kamati ilivyobishana habari ya kuchinja, wanacheka. Mama hakucheka. Akasema mimi nina deni.

Akasimulia kitu ambacho hata mi mwanaye sikukijua. Pembeni ya mgahawa wetu kulikuwa na bucha la mzee mmoja Muislamu, mama alinunua kwake nyama ya supu na utumbo miaka kumi, wakati mwingine kwa mkopo, na mimi nilipougua malaria kali yule mzee ndiye alitutafutia gari usiku. Baada ya fujo za 2013 mama alihama akaenda kununua kwingine. Yule mzee hakuna alichomfanyia. Wala mama hakuwa na hasira naye, aliogopa tu majirani wa kanisani watasemaje. Alikuwa akipita mbele ya bucha anageuza uso. Mzee yule hakuuliza, aliendelea kumsalimia, asubuhi zote, habari za kuamka mama, na mama anajibu anatembea. Mwaka uliofuata alifunga akahama, wengine walisema Mbozi wengine walisema amerudi kwao.

Mama alisema hayo huku anamenya, hakuinua kichwa. Mama mmoja wa msikitini akamsogezea beseni la viazi vingine, akamwambia tumenye dada, na hivi vinatungoja. Wakaendelea.

Usiku nyumbani nilimuuliza kwa nini hukuwahi kuniambia. Akasema ningekuambiaje, wewe mwenyewe uliacha kuongea na rafiki yako nikakuona nikanyamaza.

Rafiki nimempata, yuko Makambako ana watoto watatu, tumeongea kwenye simu dakika arobaini na bado hatujalifikia lile dawati, tutalifikia. Kamati inakutana tena Alhamisi baada ya kazi, pale pale shuleni, ajenda ni spika, za mkesha na za adhana, na yule kijana wa kwaya ndo ameombwa aongoze kikao. Karibuni mlio Mbeya.

Na kama kuna mtu wa Tunduma anasoma hapa, aliyekuwa anamjua mzee mwenye bucha karibu na maegesho ya malori miaka hiyo, alikuwa mrefu, kofia nyeupe muda wote, ana pengo la mbele, naombeni mniandikie. Mama anamtafuta.