Usiku wa Interlagos katika Kibanda cha Mwanga

Msimu wa langalanga, yaani mbio za magari za Formula 1, wa mwaka 2023 ulituchosha sisi wachache wa Kigoma tunaozipenda mbio hizo, kwa kuwa Max Verstappen, ambaye hatimaye alishinda mara 19 katika mashindano 22, alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa tangu Oktoba. Mimi niliendelea kufuatilia kwa ajili ya Fernando Alonso peke yake. Bingwa huyo wa 2005 na 2006, akiwa na umri wa miaka 41, aliuanza msimu akiwa na Aston Martin kwa kushika nafasi ya tatu mara tatu mfululizo, kisha gari likafifia, hata mashindano ya Marekani na Mexico hakuyamaliza.

Jumapili ya tarehe 5 Novemba, kibanda umiza cha Mwanga, hapa Kigoma, kilifurika kwa sababu nyingine kabisa: Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1. Saa mbili usiku mwenye kibanda, niliyekuwa nimembembeleza tangu asubuhi, aliniwekea mashindano ya Brazil, katika uwanja wa Interlagos. Watu wa Yanga walibaki kwa furaha. Wa Simba, nadhani, walibaki ili wasikutane na wenzao barabarani.

Ajali ya mwanzoni ilisababisha mbio zisimamishwe, watu wakaguna, wengine wakaondoka. Waliovumilia walianza kusogea karibu na runinga pale Sergio Pérez wa Red Bull, mwenye gari lenye kasi zaidi, alipomfikia Alonso katika kuwania nafasi ya tatu. Bawa la nyuma la Pérez lilifunguka katika sehemu zilizonyooka ili kupunguza ukinzani wa hewa, nasi tukangoja apite, lakini hakupita.

“Mzee, si huyu wa nyuma ndiye mwenye gari la mbio?” kijana mmoja wa bodaboda alimuuliza mzee aliyeketi kando yangu, ambaye aliendesha malori kati ya Kigoma na Nyakanazi enzi za vumbi na tope.

“Ndiye, mwanangu, lakini njia ni ya aliyetangulia. Itazame kona ya mwisho kabla ya kupanda kile kilima. Anaingia taratibu, anapanua, ili atoke na nguvu wakati mwenzake bado anahangaika na breki.”

Sijawahi kusikia mtangazaji akilieleza jambo hilo vizuri zaidi. Kuanzia hapo kibanda kizima kiliitazama kona ile, na kila Alonso alipotoka salama, wa Simba na wa Yanga walipiga makofi pamoja, jambo ambalo siku hiyo nisingeliamini.

Katika mzunguko wa 70 kati ya 71 Pérez alipita. Kijana wa bodaboda alishika kichwa. Mzee hakusema neno. Mzunguko wa mwisho, wanashuka kuelekea kona ya nne, Alonso alichelewesha breki akarudi mbele, na wote wawili wakaukwea mlima wa mwisho karibu sambamba. Tofauti mstarini ilikuwa sekunde 0.053. Benchi letu lilianguka, tukaendelea kupiga kelele tukiwa chini, na majirani wakadhani Yanga imeongeza la sita.

Kelele zilipopungua, mwenye kibanda aliuliza nani ameshinda mbio zenyewe. Tulitazamana, kisha mzee akajibu kwamba ni yule yule wa kila wiki, ila usiku huo hakumwona hata mara moja.