Tabo la Scania na ile rota iliyogoma kukonveji

Mwaka wa mwisho chuoni nlirudi Kigoma likizo na projekti haijaisha, nafanya simulesheni ya kompresa, mashine ya kubana hewa, kwenye laptop, nyumbani Mwanga, joto lile mnalijua. Kompresa yenyewe ni Rota 37 ya NASA, wanaosoma mambo haya wanaijua, bleidi 36, inazunguka raundi elfu 17 na kitu kwa dakika, uwazi kati ya ncha ya bleidi na kava ni milimita 0.356 tu. Nlikua nasimulate bleidi moja, zingine unaiambia solva, programu inayopiga mahesabu ya hewa, kwamba zinajirudia.

Katikati ya grafu ya presha na kiasi cha hewa hamna shida, inakonveji vizuri, yaani mahesabu yanatulia kwenye jibu moja. Kazi iko pembeni. Upande wa choku, yaani hewa imejaa hadi haiwezi kupita zaidi, ukipunguza presha ya kutokea mtiririko haubadiliki, unaganda karibu kilo 20.93 kwa sekunde, kwahiyo huko ukiilazimisha solva kwa kiasi cha hewa unaitesa bure, mpe presha. Huo nliumaliza mapema. Upande wa pili, wa seji, yaani presha imezidi hadi hewa inataka kurudi nyuma, ndo ulinitoa jasho, kule mstari wa presha unalala karibu bapa, ukiongeza presha kidogo tu mtiririko unaporomoka, residuali, yaani makosa yaliyobaki kwenye mahesabu, zinashuka zinapanda zinashuka afu solva inakufa.

Siku moja nmeboreka nkaenda gereji kwa baba mdogo, fundi wa malori. Kuna Scania dereva anaipiga resi afu anaachia ghafla, tabo, ile kompresa inayosukumia injini hewa, linatoa ule mlio wa kukoroma, hu-hu-hu-hu. Baba mdogo akasema pumzi inarudi hiyo. Nkamuuliza, baba, ikiachwa hivohivo si itatulia? Akacheka, "Itulie vipi mwanangu, mbele hakupitiki na lenyewe bado linasukuma?"

Sawa, tabo la lori hewa inatokea pembeni na rota yangu hewa inapita moja kwa moja, ila jibu lile lilinikaa. Mimi nlikua naitaka hewa itulie mahali ambapo pengine yenyewe haitulii!

Usiku nkabadili utaratibu. Naanza na jibu la mwisho lililokonveji, sio sifuri, napandisha presha kidogo kidogo, nkikaribia ukingoni nakata hatua nusu, namba ya Courant, yaani ukubwa wa hatua ya muda ya solva, naishusha, mahesabu naanzia odá ya kwanza, ya makadirio ya juujuu, ndo napanda ya pili yenye usahihi zaidi. Afu huko mwisho nkaacha presha nkaanza kushika kiasi cha hewa. Na nkaacha kukodolea residuali peke yake, nkawa naangalia hewa inayoingia na inayotoka zinalingana au la, na uwiano wa presha umetulia au unacheza.

Nkapata nukta kadhaa mpya kushoto kabisa mwa grafu, upande wa seji. Ya mwisho uwiano ulikua unapanda na kushuka kwa mpangilio uleule, haulipuki wala hautulii, nkaichora kwa duara tupu.

Msimamizi alivoiona akauliza hii vipi. Nkamwambia hiyo haikonveji dokta, nadhani hewa yenyewe inayumba. Akasema kudhani hakutoshi, irudie kwa mahesabu yanayofuata muda, tena kwa bleidi zote, maana stoli inayozunguka, yaani hewa kukwama kwenye bleidi chache na mkwamo ukahama bleidi hadi bleidi, haionekani kwa bleidi moja. Kwa laptop ile, bana! Ikabidi niombe kompyuta kubwa ya idara.