Siku moja maishani mwangu: Jumapili niliyouza gazeti la mwisho

Karatasi ya mzigo wa siku ile ninayo mpaka leo. Imekunjwa mara nne ndani ya gazeti lenyewe, na gazeti limo sandukuni chini ya kitanda, pamoja na vyeti vya watoto. Ndiyo maana saa naweza kuzitaja. Jumapili, tarehe 10 Julai 2011, duka la magazeti, Forest Gate, mashariki mwa London.

Saa kumi kasorobo alfajiri

Mwezi wa saba huku usiku ni mfupi kama shuka la mtoto, ukifunika miguu kichwa kiko nje. Unaswali Isha, unalala kidogo, Alfajiri hiyo. Nimekunywa chai ya rangi nikiwa nimesimama, nikatoka. Ndani ya basi kuna abiria wa aina mbili: wanaotoka kulewa na wanaokwenda kusafisha maofisi. Mimi niko na hao wa pili, ila badala ya ufagio nina kisu kidogo cha kukatia mikanda.

Saa kumi na nusu

Mzigo uko kizingitini, na Motabhai kashafika. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita tajiri wangu, kaka mkubwa kwa Kigujarati. Kazaliwa Tanga, barabara ya kumi na mbili, na baba yake alikuwa na nyumba za kupangisha mpaka zilipotaifishwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata wakahamia Uingereza. Kiswahili chake ni cha zamani, kina maneno ambayo mimi nimeyasikia kwa bibi yangu tu. Aliponiajiri hakuniuliza nimesoma wapi. Aliuliza, "Raskazone bado watu wanaogelea?"

Kwa kawaida News of the World, gazeti lililokuwa likitoka mara ya mwisho siku ile, tuliletewa nakala 60 kila Jumapili. Leo ni 140. Nimekata mkanda wa plastiki, ukaruka kama nyoka, na pale juu ya fungu ukurasa wa mbele ukanitazama: kurasa zake za zamani zimebandikwa pamoja kama picha za harusi ukutani, na juu yake maneno makubwa ya kushukuru na kuaga. Asanteni, kwaherini. Tangu 1843 mpaka 2011. Miaka 168.

Saa kumi na moja na robo

Kazi ya Jumapili ni kupachika. Magazeti ya huku siku hiyo huja vipande vipande, habari fungu lake, michezo fungu lake, majarida yalishaletwa Jumamosi. Mtu mmoja anafungua, mwingine anachomeka, mikono inageuka myeusi kwa wino hadi viwikoni. Sunday Times peke yake ni nzito kama tofali. Motabhai akalipiga kofi: "Hili nalo ni lake." Alikuwa na maana Rupert Murdoch, aliyelinunua News of the World mwaka 1969, na kufikia siku ile alikuwa pia na Sun, Times na hiyo Sunday Times, pamoja na asilimia 39 ya televisheni ya BSkyB, na alikuwa akiomba auziwe yote.

Kwa asiyekumbuka, wiki yenyewe ilikwenda hivi. Jumatatu, tarehe 4 Julai, Guardian liliandika kwamba watu wa News of the World walidukua simu ya Milly Dowler, msichana wa miaka 13 aliyepotea mwaka 2002 na baadaye kukutwa ameuawa. Wakati wazazi wake wanamtafuta, gazeti lilikuwa linasikiliza ujumbe alioachiwa simuni. Kesho yake zikaja habari kwamba hata ndugu za waliouawa kwenye mabomu ya London ya 2005 huenda walisikilizwa. Makampuni yaliyokuwa yakitangaza humo yakaanza kukimbia moja baada ya jingine. Alhamisi, siku ya Sabasaba, nikiwa nasoma meseji za wenzangu waliokuwa viwanjani Dar es Salaam wanakula nyama choma, James, mtoto wa Murdoch, akatangaza kwamba gazeti linafungwa. Watu kama 200 wakakosa kazi.

Udukuzi haukuwa siri mpya. Mwandishi wa habari za ufalme na mpelelezi wa kukodiwa walishafungwa Januari 2007 kwa kusikiliza simu za watu wa nyumba ya malkia. Polisi walikuta kwa yule mpelelezi kurasa 11,000 za maandishi yake, na humo majina ya watu karibu 4,000. Hata hivyo kampuni ilishikilia kwa miaka kwamba ni mwandishi mmoja tu aliyepotoka. Motabhai alikuwa akiisikia hoja hiyo redioni anacheka mpaka anakohoa. "Hawa samaki wao huoza mmoja mmoja," anasema.

Saa moja kamili

Anaingia kijana wa kusambaza magazeti, mtoto wa Kibangladeshi wa miaka 15. Kabla ya saa moja sheria haimruhusu kuanza. Ana baiskeli, begi la rangi ya chungwa, na kila kitu anakijua.

Nikamwambia sielewi hiyo kudukua simu wanafanyaje, maana mimi simu yangu inalala mfukoni. Akacheka. "Anko, wala hawagusi simu yako." Akaeleza huku anapanga magazeti. Mmoja anakupigia ili laini iwe na shughuli. Wa pili anapiga wakati huohuo, naye anatupwa kwenye kisanduku cha ujumbe wa sauti. Ile salamu ikianza anabonyeza kitufe, anaulizwa namba ya siri, basi. Zamani watu wengi hawakuwa wameibadili ile waliyopewa na kampuni ya simu, sifuri nne au moja-mbili-tatu-nne. Na walioibadilisha, mpelelezi alipiga kampuni ya simu akajifanya mfanyakazi wa humohumo, akaomba irudishwe ya mwanzo.

Nikawaza nyumbani. Bibi kizee wa Pongwe asiyejua kusoma anaifunika simu kwa kanga anapoingiza namba yake ya siri ya M-Pesa. Na huku mawaziri na wachezaji mpira wameacha mlango na komeo lake.

"Jaribu yangu," nikamwambia.

"Umezaliwa mwaka gani, Anko?"

"Sabini na tisa."

Akapiga kwa simu yake, mimi nikijipigia kwa ya dukani. Akabonyeza 1-9-7-9. Sikuwa nimemwambia namba yoyote. Sauti ya yule mwanamke wa kampuni ikasema kuna ujumbe mmoja uliohifadhiwa, na kabla sijasema acha, mama yangu akaanza kuzungumza katikati ya duka, kwenye spika, baina ya maziwa na sigara.

"Hallo? Hallo. Mwanangu, nimepokelewa na mwanamke. Anasema Kizungu, sijui anasemaje. Wewe binti, mwambie mamake kapiga, wa Tanga. Mwambie ule unga wa muhogo nimempa mtoto wa shangazi yake, anakuja nao. Na mguu umepoa. Umesikia? Mwambie mguu umepoa, asihangaike." Kimya kidogo, kuku anasikika nyuma. "Haya, ahsante binti. Mpikie ale."

Ulikuwa wa mwaka 2008. Mama alizoea kunibip tu, nimpigie mimi, ila siku ile alinunua vocha, na mashine ikaila yote. Nilikuwa nauhifadhi kila ulipokaribia kufutika.

Kijana hajui neno hata moja la Kiswahili. Lakini kuku aliposikika tu aliinamisha macho, akakata simu, akanirudishia heshima yangu kwa kujitia anahesabu magazeti aliyokwisha yahesabu. "Samahani, Anko," akasema. Nikamwambia nimemtuma mwenyewe. Akabeba begi akaondoka, na siku ile hakupiga mluzi.

Habari ya Milly Dowler nilikuwa nimeisoma Jumatatu kama nisomavyo habari zote, kwa haraka, wateja wakisubiri chenji. Niliielewa saa moja na dakika ishirini Jumapili. (Niseme na hili, maana haki ni haki: Guardian liliandika pia kuwa waandishi ndio waliofuta ujumbe wa yule mtoto, wazazi wakadhani yu hai. Desemba ya mwaka huohuo polisi walisema huenda ulijifuta wenyewe, na gazeti likasahihisha. Kusikiliza, walisikiliza.)

Saa tatu asubuhi

Foleni imefika kituo cha basi. Kila mmoja analitaka hilohilo. Yuko bibi wa Kiingereza anayelinunua tangu mumewe yu hai. Jumanne iliyopita aliniapia kwamba hatalitia tena mkononi, machozi yakimlenga. Leo kataka mawili, moja la kusoma na moja la kuweka. Bei pauni moja, na kampuni ilisema mapato ya toleo hili yanakwenda kwenye misaada. "Ni kwa ajili ya watoto," akaniambia kabla sijamuuliza lolote.

Kisha akaja bwana mmoja akataka 20. Anakwenda kuyauza mtandaoni. Motabhai akatoka nyuma ya kaunta, jambo asilolifanya mara kwa mara kwa sababu ya magoti. "Mawili kwa kila mtu. Hapa si mnadani." Nilidhani ni uungwana. Baadaye akaniambia mteja wa magazeti 20 huja mara moja, mteja wa mawili hununua na maziwa.

Mimi nami sijitoi. Lile gazeti nililisoma miaka minne, la bure, nikilikunja nisiliharibu ili liuzike baada yangu. Nilijua wachezaji gani wanatoka na nani. Sikujiuliza hata siku moja mwandishi kajuaje mambo ambayo mtu alimwambia mkewe peke yake.

Saa saba na nusu mchana

Yameisha. Nakala 140. Anayeingia sasa anatazama pengo kwenye rafu, ananitazama mimi, anatoka bila kununua hata pipi. Nchi nzima walichapisha kama milioni tano, karibu mara mbili ya kawaida.

Mzee mmoja wa chemshabongo, Mwairishi, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya friza la aiskrimu, kalamu sikioni. Ghafla akaanza kucheka peke yake. Akatuita. Vidokezo vya mafumbo ya siku ile vilikuwa na maneno kama Brook, uvundo, maafa. Rebekah Brooks ndiye aliyekuwa mkuu wa kampuni, na ndiye aliyekuwa mhariri wa gazeti hilo mwaka 2002. Wenzake wamefukuzwa kazi, yeye kabaki. Basi mtu asiye na kazi ya kesho kamuagia kwenye mafumbo. Nimesoma mashairi mengi ya kujibizana, lakini lile la miraba meupe na meusi sijaona mfano wake.

Saa kumi jioni

Nafagia mikanda. Motabhai anakula ndizi, redio inasema Murdoch ametua London leo, mwenyewe, mzee wa miaka 80. Nikasema sasa himaya inaporomoka.

Akatikisa kichwa. "Wewe mtoto wa Tanga hujapata kumbana mjusi mlangoni? Mkia unakatika, unarukaruka sakafuni, watoto wote wanautazama mkia. Mjusi yuko darini."

Sikumbishia, naye hakuwa sahihi wote. Siku tatu baadaye Murdoch aliacha kuidai BSkyB. Kabla ya wiki mbili kwisha Brooks alijiuzulu akakamatwa, mkuu wa polisi wa London akajiuzulu, na mzee mwenyewe akaketishwa mbele ya wabunge, jamaa mmoja akamrushia sahani ya povu la kunyolea. Motabhai akakubali kwamba mjusi naye kaumia mbavu. Brooks mahakama ilimwachia mwaka 2014, aliyemfuata uhariri, Andy Coulson, akafungwa miezi 18. Lakini tarehe 26 Februari 2012, alfajiri, nilikata mkanda wa fungu jipya: Sun, sasa na Jumapili. Tukaliweka kwenye pengo lilelile. Motabhai hakusema kitu, alifanya tu vidole vyake viwili kama kitu kinachoota.

Saa mbili na nusu usiku

Jua bado liko juu ya mapaa. Nimeoga, wino wa kwenye kucha umegoma. Kwenye televisheni Murdoch anatoka nje ya nyumba yake akiwa na Brooks, waandishi wanamuuliza jambo la kwanza kwake ni lipi, naye anamwonyesha Brooks: huyu hapa. Nikazima.

Nikaingia kwenye kisanduku changu, nikabadilisha namba ya siri. Nimeweka tarakimu za kitu ambacho hata kijana wa magazeti hawezi kukibuni. Kisha nikampigia mama kwa kadi ya pauni mbili. Tanga ilikuwa saa nne na nusu usiku, lakini hakuwa amelala, alikuwa anasikiliza redio habari za Sudan Kusini, taifa la siku mbili. Akanisimulia hayo kwanza, na mvua, na bei ya sukari. Mguu haujambo.

Mashine ile nilishamweleza mara nyingi kwamba ni mashine. Huwa ananiitikia, kama mtu anayemsitiri mwanawe.

"Na yule binti wa simuni hajambo?"

"Hajambo, mama. Leo nimembadilishia kufuli."

"Haya. Usije ukamfungia nje."