Kupima koherensi ya pigo moja la leza ya eksirei

Likitajwa neno leza, wengi hufikiria mwanga ambao mawimbi yake yamepangika pande zote, kwa upana wa miale na kwa urefu wake; kupangika huko ndiko koherensi. Leza za eksirei zinazotumia elektroni huru, kama LCLS ya California iliyowaka mara ya kwanza Aprili 2009, au European XFEL ya Ujerumani iliyofunguliwa mwaka 2017, zinalistahili jina hilo nusu tu. Kwangu jambo hilo lina mvuto kuliko nguvu za mashine hizo, ambazo ndizo husifiwa kila mahali.

Sababu iko katika namna mwanga wenyewe unavyozaliwa. Elektroni zenye kasi inayokaribia ya mwanga hupitishwa katikati ya safu ndefu ya sumaku zinazozitikisa, zikatoa eksirei, na eksirei hizo huzikusanya elektroni katika matabaka membamba ambayo nayo huzidi kuukuza mwanga. Katika utaratibu wa kawaida, mchakato huo hauanzi na mwanga uliopangika bali na kelele, yaani mtawanyiko wa kubahatisha wa elektroni. Ndiyo maana pigo moja, yaani mmweko mmoja wa mwanga, linalodumu kwa kawaida femtosekunde chache au makumi kadhaa (femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa kwa milioni bilioni), huwa ni mkururo wa vilele vifupi visivyohusiana, na pigo linalofuata huja na vilele vyake vingine kabisa. Kwa upana mawimbi yameshikamana vizuri; kwa urefu yamevurugika.

Hakuna kigunduzi cha eksirei chenye kasi ya kuvitazama vilele hivyo kimoja kimoja. Kujumlisha mapigo mengi nako kuna hila yake, kwa kuwa miale ikiyumba kidogo kati ya pigo na pigo, picha hupandana na kufifia, na mpimaji akahukumu mwanga kwa kosa la mashine.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanywa LCLS na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011. Mbinu yake ni ile ya mwanafizikia Thomas Young ya zaidi ya miaka 200 iliyopita: mwanga hupitishwa kwenye vitundu viwili, na mbele yake hutokea mistari ya mwanga na giza. Mistari ikikolea, mawimbi ya vitundu hivyo viwili yanapatana. Vitundu vikitenganishwa zaidi na mistari ikapauka, umbali ambao mapatano huvunjika umejulikana. Kwa eksirei zenye nishati ya elektronivolti (eV) 780, umbali huo ulikuwa mikromita 17 kwa wima, na kiwango cha jumla cha koherensi ya upana kilikuwa asilimia 56.

Uzuri zaidi ni kwamba picha hiyohiyo ilitoa na koherensi ya muda, yaani ile ya urefu wa miale. Katikati ya picha, njia kutoka vitundu vyote viwili zinalingana. Kila ukisogea mstari mmoja kuelekea pembeni, njia moja huizidi nyingine kwa urefu wa wimbi moja. Kwa hiyo kufifia kwa mistari ya pembeni kunaonyesha wimbi linakumbuka mpangilio wake kwa muda gani. Jibu lilikuwa femtosekunde 0.55, ambazo kwa mawimbi hayo ni takriban mizunguko mia moja.

Njia nyingine ni ile ambayo wanasayansi Hanbury Brown na Twiss waliitumia mwaka 1956 kupima upana wa nyota Sirius. Hapa huhitaji mistari: unalinganisha, pigo baada ya pigo, jinsi ukali wa mwanga katika nukta mbili unavyopanda na kushuka kwa pamoja. Haisumbuliwi na awamu za mawimbi, yaani mahali kila wimbi lilipofika katika mzunguko wake, lakini inadai mapigo mengi, na mtikisiko wowote wa nafasi ya miale unaweza kujifanya uhusiano wa mwanga. Matokeo yake mimi huyasoma kwa tahadhari zaidi kuliko ya vitundu, hasa mwandishi asipoeleza alivyouondoa mtikisiko huo.

Hata hivyo kuna swali moja ambalo vitundu haviwezi kulijibu: je, mwanga huu ni wa leza kweli, au ni mwanga wa vurugu, wenye mawimbi yasiyopangika kama wa taa, uliochujwa vizuri? Katika mwanga wa vurugu, ukali ukilinganishwa katika nukta ileile hutoa uhusiano unaozidi 1, na hufika 2 panapokuwa na mtindo mmoja tu wa mawimbi, yaani umbo moja la wimbi. Katika leza halisi hubaki 1. Huko FERMI, leza ya elektroni huru iliyoko Trieste, Italia, ambako pigo huanzishwa na leza ya kawaida badala ya kelele, kipimo hicho kilikaribia sana 1.