Nililaumu fremu kumbe ni tairi

Kila siku natoka Ntyuka mpaka Majengo, hapa Dodoma, kwa baiskeli, na miaka mingi nilikuwa na Phoenix ya mzee, ile nyeusi ya gurudumu la inchi 28, nzito kweli. Mwaka jana nikachukua baiskeli ya mtumba, ile ya kukimbilia lami, fremu ya alumini, tairi 700 kwa 25, yaani upana milimita 25 tu. Kwenye lami inateleza tu. Ila ukiacha lami, yaani mikono inakufa ganzi, na kwenye mchanga tairi la mbele linazama afu usukani unajikata wenyewe, nikawa nashuka nasukuma sehemu ambayo watoto na Phoenix zao wanapita wanapiga kengele.

Nikailaumu alumini, maana wengi husema alumini ngumu, chuma kinanesa. Fundi akaniambia mdogo wangu, angalia tairi kwanza. Tukapima, foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) na breki zinapokea upana wa 32 mwisho, zaidi ya hapo linasugua. Tukavalisha 32, upepo nikashusha toka PSI 100 (kipimo cha presha ya upepo) mpaka 60. Jamani! Fremu ile ile, siti ile ile, lakini nafika Majengo mgongo hauumi na muda wenyewe umepungua. Tairi jembamba lililojazwa likawa jiwe halimezi kashkash, kila kijiwe linakurusha juu na nguvu ulizopiga pedali zinaishia kwenye kukurusha, wakati lile pana linabonyea kidogo linapita.

Ila msishushe upepo hovyo. Nilijaribu 40, nikagonga jiwe, tyubu ikabanwa na rimu, matundu mawili papo hapo. Na mbigiri za huku haziangalii upana, tembea na viraka na solusheni.

Sasa kitu ambacho tairi halijanipa ni utulivu wa Phoenix. Hapo ndo fremu inaongea. Foku yake imelala kwa mbele na magurudumu yako mbalimbali, hata ukifunga dumu la maji kwenye keria inaenda imenyooka. Hii yangu foku imesimama, ukigusa tu imegeuka, katikati ya bodaboda mjini raha sana, ila mteremko wa vumbi lazima uikamate kwa mikono yote miwili.

Kwa hiyo ukienda kununua usianze kuinyanyua kuona uzito, pitisha kidole kati ya tairi na foku, kisipopita basi tairi pana sana huenda lisiingie humo. Phoenix ya mzee siuzi, maji bado inabeba yenyewe.