Fundi wa marumaru anataka mwaka

Machame, Desemba 28

Fundi amenipigia simu mara tatu leo. Jiwe liko tayari, jina limeshachongwa, imebaki nafasi ya mwaka tu, na anataka alimalize kabla watu hawajaanza kurudi Dar. Aliyeagiza jiwe ni baba mdogo, na maneno ni yake: hapa amelala mzee aliyefungua kihamba hiki mwaka 1912. (Kihamba ni shamba la ukoo, lenye nyumba na migomba.) Nilipomuuliza hiyo 1912 kaitoa wapi, akasema kila mtu anajua. Nikawauliza hao kila mtu. Mmoja akasema ni kabla ya vita vya Mjerumani, mwingine akasema ni baada ya vita, kisha shangazi mkubwa akaniambia nikaangalie vitabu vya kanisa niache kusumbua watu wanaomenya ndizi.

Hadithi yenyewe naijua tangu utotoni. Babu yake baba, ambaye sisi tunamwita Babu Mkuu, alikuwa mtoto wa kati. Kwetu mlimani Kilimanjaro kihamba cha baba hubaki kwa kitinda mimba, wa kwanza hutafutiwa chake mapema, wa kati hutazama chini ya mlima na kujitegemea. Basi akashuka na ng'ombe mmoja (kuna wanaosema watatu, ng'ombe huyu huzaa kila anaposimuliwa), akaomba kwa mangi, yaani mtawala wa eneo, kipande cha pori, akavuta maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, akapanda migomba. Hadithi inaishia hapo. Mwaka haumo, wala mwanamke hamna.

Asubuhi nikapanda hadi ofisi ya usharika wa zamani, kule juu. Katibu alinifungulia kabati, akanipa meza karibu na dirisha, akaniomba nisiloweshe kidole ninapofunua kurasa. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na kama kuna kitu walikipenda kuliko kuhubiri, ni kuandika. Kitabu cha maziko kina mistari ya wino: namba, jina, ni mke au mtoto wa nani, siku ya kufa, siku ya kuzikwa, mahali. Mwandiko wa Kijerumani wa siku zile ni mtihani, maana herufi e inafanana na n. Nusu saa nzima nilikuwa nafuatilia kwa furaha ukoo ambao si wetu.

Baba yake Babu Mkuu hayumo, na sikutegemea awemo. Asiyebatizwa hakuandikwa. Wazee wa zama zake walizikwa ndani ya nyumba zao, na baada ya muda mifupa ikafukuliwa kupelekwa kwenye masale, mimea tunayopanda kuwa alama, pamoja na ya waliotangulia. Huyo ukimtaka usiende kanisani.

Kuanzia mwisho wa 1918 namba zinakimbia. Ukurasa uliokuwa ukitosha miezi, unajaa kwa wiki chache. Ni ile homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima, na mlimani iliwakuta watu vita vimeshawamalizia nguvu na chakula. Humo nikawakuta watoto wawili wa Babu Mkuu, wamepishana siku tisa. Hakuna aliyewahi kuwataja nyumbani. Mahali: makaburi ya kanisa, wote wawili.

Hapo ndipo 1912 ilipoanza kunitia shaka. Kama alikuwa ameshashuka miaka sita nyuma, alipanda na maiti mlima wote ule mara mbili ndani ya siku tisa? Jioni baba mdogo alisema ndiyo, kanisa lilitaka Wakristo walale pamoja. Inawezekana. Shangazi alisema mtu humzika mtoto wake anakokaa. Nayo inawezekana. Mimi niliegemea kwa shangazi kwa sababu ya kahawa: sote tunakubaliana kwamba Babu Mkuu aliuza mavuno yake ya kwanza kwenye chama cha wakulima, KNPA, mwaka kilipoanzishwa, na hiyo ni 1925. Mbuni unataka miaka mitatu, minne, ndipo uzae. Mtu aliyeshuka 1912 angekaa miaka karibu kumi bila kupanda mche hata mmoja, na huyo ndiye tunayemsifu kwa bidii?

Nirudi kwenye kitabu. Mwaka 1920 mwandiko unabadilika ghafla. Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani, na kwa muda sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wa hapahapa. Mwalimu aliyeshika kalamu ana herufi za duara, za mtu aliyejifunza kwenye kibao, na anaandika Kimachame. Nilimpenda mara moja. Mmisionari alikuwa anajaza mistari. Huyu anatoka nje ya mstari, anaongeza neno pembeni, mgonjwa aliugua siku ngapi, nani alikuwapo.

Kwenye mwandiko huo, mwaka 1923, nilimpata mke wa Babu Mkuu. Ana jina la ubatizo, ambalo sitaliandika hapa mpaka wazee waridhie. Mpaka leo saa nne asubuhi, kwangu mimi hakuwa na jina. Sehemu ya mahali palikuwa na neno moja nisilolielewa. Kimachame changu ni cha kuagizia chakula, basi nikaomba ruhusa nikapiga picha.

Shangazi alivaa miwani, akaisogeza simu dirishani, midomo ikacheza.

"Porini," akasema. "Ameandika alizikwa porini."

Nje ya dirisha hilohilo kulikuwa na migomba, tangi la maji, dishi la televisheni na watoto wa binamu zangu wakigombania baiskeli. Mwalimu yule alikuwa kule juu, kanisani, na kutoka pale hapa palikuwa pori tu. Watoto waliletwa makaburini kwa kanisa. Mama yao, miaka mitano baadaye, hakupandishwa. Kwa hiyo 1923 walikuwa wameshaamua kwamba ni hapa. Mwaka waliofika naweza kuubana kati ya 1919 na 1921, zaidi ya hapo nitakuwa natunga.

Ila kaburi la zamani tunalolijua kihambani ni moja, la Babu Mkuu, lile lenye saruji. Nikamuuliza shangazi, yeye bibi alilala wapi.

"Si ni pale penye masale."

Masale ya getini. Sote tulidhani ni ya mpaka, kwa kuwa mpaka huwekwa masale, na kaburi pia huwekwa masale, lakini sisi tuliokulia mjini tunalijua moja. Desemba iliyopita tuliyakata tupate pa kuegesha magari. Panga nilishika mimi. Tukamwaga kokoto lori moja.

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, kikombe mkononi. Nilingoja aseme kitu kuhusu 1912. Aliweka kikombe, akaingia ndani, akatoka na ufunguo, akalirudisha gari nyuma taratibu mpaka likatoka nje ya geti.