Tarehe 12 Iliyonipita

Januari 2014 nilimwahidi binti yangu kwamba siku anayotimiza miaka saba, tarehe 12, ningekuwa nyumbani Tokyo. Nilikuwa na kazi ya wiki moja Los Angeles, na tiketi ya kurudi niliichagua mwenyewe: kuondoka tarehe 12, saa tano asubuhi.

Safari ya kwenda ndiyo iliyonipoteza. Tuliruka Tokyo saa kumi na moja jioni, tukatua Los Angeles saa nne asubuhi ya siku ileile. Kilomita 8,800 hivi juu ya Pasifiki, kwa saa kumi tu! Skrini iliyokuwa mbele yangu ilionyesha kasi ya kilomita 1,080 kwa saa, ilhali ndege ya namna ile hukata hewa kwa kama 900. Zilizozidi ni msukumo wa upepo wa juu, ule uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao majira ya baridi huwa mkali zaidi. Nikajumlisha kwa wepesi: nikitoka saa tano asubuhi, saa tatu usiku niko mlangoni, mtoto bado yu macho. Siku niliyoongezewa nilipovuka mstari wa tarehe, ule wa kubuni katikati ya Pasifiki ambapo kalenda hubadilika kwa siku moja, sikuikumbuka tena.

Nikiwa nangoja kupanda ndege nilipiga simu.

“Baba Neema,” mke wangu akajibu kwa sauti ya usingizi, “huku ni saa kumi alfajiri. Leo tarehe 13.”

Nikanyamaza. Tokyo iko mbele kwa saa 17. Siku ya mwanangu ilikwisha kabla sijakaa kwenye kiti.

“Alikusubiri mpaka usingizi ukamchukua palepale sebuleni.”

Nilitoa tiketi nikaisoma upya. Ubavuni mwa saa ya kufika palikuwa na +1, yaani siku inayofuata, maandishi madogo kabisa.

Kurudi kulichukua saa kumi na mbili. Rubani alipanda kaskazini zaidi kuukwepa ule upepo, na bado kuna mahali skrini ilisoma 760. Tulikwenda na jua njia nzima. Dirishani mchana haukuisha, na saa yangu ya mkononi, ambayo sikuwa na moyo wa kuibadilisha, iliendelea kusema ni tarehe 12. Nimesafiri mara nyingi tangu hapo, lakini sijawahi kuona bahari ndefu kama ile. Abiria wa jirani alilala. Mimi nilihesabu kilomita zilizobaki, elfu nne, elfu tatu, kana kwamba kuzitazama kungezipunguza.

Nilifika nyumbani giza limeingia. Ukutani tulikuwa na kalenda ya kuchana karatasi moja kila siku, na bado ilisoma 12.

“Amekataa isiguswe,” mama yake akasema.

Neema alitoka chumbani, akasogeza kiti chini ya kalenda, akapanda. Hakuichana. Alinishika mkono, akaniwekea vidole kwenye pembe ya karatasi.

“Mpaka tumalize, Baba.”